Mzazi si bango la mnada

Kwenye minada ya huku Nzega kuna wauza dawa wanaotandika turubai chini, wanafunga spika juu ya pikipiki, halafu wanasimamisha bango la plastiki lenye picha za wanawake wawili. Wa kwanza ana tumbo lililolegea lenye michirizi ya uzazi, na uso wake umekatwa. Wa pili amevaa chupi na sidiria tu, kiuno chembamba, makalio makubwa, ameinama kidogo anatazama nyuma. Katikati yao kuna mshale. Sauti ya mwanaume inatoka kwenye spika: mama uliyejifungua, umelegea, mumeo ameanza kuchelewa kurudi, chukua dawa ukaze, tumbo liingie, chuchu saa sita, baba hatoki tena nje. Kisha inatajwa bei.

Mimi ni mkunga mstaafu, naishi Lusu, hapahapa Nzega, na nataka bango hilo liondolewe. Silipingi kwa sababu ya aibu ya uzee. Nimefanya kazi kwenye wodi ya wazazi, na miili ya wanawake nimeiona katika hali ambazo hata waume zao hawajawahi kuziona. Nalipinga kwa sababu ya yule linayemlenga.

Linamlenga mzazi. Binti ametoka kupima mtoto kliniki, kadi iko mkononi, mtoto yuko mgongoni, anapita mnadani kununua dagaa na sabuni. Usiku hajalala. Chuchu zina vidonda. Labda ana mshono ambao haujakauka vizuri. Katika maisha yake yote hakuna kipindi anachokuwa mwepesi wa kuogopa kama hiki, na muuzaji analijua hilo, ndiyo maana amechagua maneno hayo na picha hiyo. Vijana wa bodaboda wamesimama pale wanatazama bango na kucheka, watoto wa shule nao wamo. Binti ananunua harakaharaka, anaficha pakiti ndani ya khanga na kuondoka ameinamisha kichwa.

Wacha niseme kinachotokea kwenye mwili huo, maana muuzaji hasemi. Mara baada ya kujifungua, mfuko wa uzazi unakuwa karibu usawa wa kitovu. Ukiubonyeza kwa kiganja unausikia mgumu. Kila siku unashuka kidogo. Baada ya siku kumi hadi kumi na nne hivi huwezi tena kuugusa ukibonyeza tumbo, umeingia ndani ya nyonga, na ikifika wiki ya sita umekaribia ukubwa wake wa zamani. Kazi hiyo haifanywi na unga wa kopo. Mtoto anaponyonya, mfuko unajikaza, na ndiyo yale maumivu ya tumbo wanayoyalalamikia kina mama wakati wa kunyonyesha, hasa waliozaa mara kadhaa. Njia ya uzazi nayo inajirudi yenyewe, polepole, na inajisafisha yenyewe. Michirizi hufifia lakini haifutiki, na haimdhuru mtu. Wizara ya Afya inataka mzazi aonwe kituoni ndani ya saa 48, kisha siku ya 7, siku ya 28 na siku ya 42. Ratiba hiyo inafuata mwili unavyopona.

Sasa chukua mwili huo, bado uko mbichi ndani, uuwekee shabu, au ugoro, au unga usiojulikana umetwangwa wapi. Nilimpokea binti mmoja ambaye mtoto wake hakuwa amefikisha mwezi. Alikuwa ameungua kabisa, ngozi ya ndani imebabuka, ana homa, kukojoa ni kilio. Tulipomuuliza alikaa kimya muda mrefu, mwishowe akatoa pakiti yenye picha ya mwanamke wa bangoni. Mumewe alikuwa nje, nikamwita.

"Mayu, mimi ndiye niliyemnunulia," alisema. "Walisema wote wanatumia. Nilitaka kumsaidia mwenzangu."

Nilimwamini, na bado namwamini. Alikuwa amesimama mbele ya bango lilelile, na lilimwambia jambo moja na mkewe: kwamba mwanamke aliyezaa ameharibika. Ngozi iliyobabuka namna ile ni mlango wazi wa maambukizi, virusi vya UKIMWI vikiwemo. Hilo halikuandikwa kwenye pakiti. Picha peke yake ndiyo iliyokuwa imechapwa kwa rangi nzuri.

Makopo ya kujichubua nayo yanauzwa palepale, kwa picha za aina hiyohiyo: mama mweupe, kifua wazi nusu, mtoto mapajani. Watu wa Lusu hawana haja ya kufundishwa zebaki ni kitu gani. Mgodi mkubwa wa Golden Pride, ulioanza hapa mwishoni mwa miaka ya 1990, ulishafungwa, lakini wachimbaji wadogo wapo, na wanajua kwamba zebaki inayokamata dhahabu haichomwi karibu na watoto. Zebaki hiyohiyo imekutwa kwenye krimu za kuchubua katika nchi nyingi, na Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ambao Tanzania imeuridhia, unaipiga marufuku kwenye vipodozi vya namna hiyo. Inapenya ngozi ya mama na inaingia kwenye maziwa. Mama anayemzuia mwanawe kusogelea karai la dhahabu anaweza kuwa anampaka zebaki shavuni kila anapomkumbatia.

Biashara si ngeni kwetu. Mkoa wetu wa Tabora umekua kwa biashara. Katika karne ya 19 misafara ilipanda kutoka pwani hadi Unyanyembe, Tabora ya leo, ikibeba nguo za merikani na kaniki, shanga na waya wa shaba, na Wanyamwezi ndio waliokuwa wapagazi mashuhuri wa njia hiyo. Wateja wa bara walikuwa wagumu: shanga ya rangi isiyopendwa mahali fulani ilirudi na mzigo wake au ikatupwa, na mfanyabiashara alijifunza kuuliza wanataka nini. Aliwauzia nguo wanawake bila kumvua yeyote. Lakini njia hiyohiyo ilipitisha watumwa, na kwenye soko la Zanzibar, hadi lilipofungwa mwaka 1873, mwanamke alikaguliwa mwili hadharani kabla bei yake haijaafikiwa. Sisemi muuza dawa wa mnadani ni sawa na wale. Nasema mtu wa Tabora ana sababu zake za kushtuka akiona mwili wa mwanamke unaonyeshwa kipandekipande huku bei inatangazwa.

Wapo watakaoniambia kwamba mwanamke ana haki ya kujipenda na kumpendeza mumewe. Ni kweli, na hata mimi nimewafundisha hivyo mabinti. Kuzaa hakumfanyi mwanamke kuwa mzee, na hamu ya mke na mume si dhambi ya kufichwa. Bibi zetu na makungwi walizungumza mambo hayo waziwazi kuliko bango lolote, tena kwa maneno ambayo gazeti haliwezi kuyachapa. Walizungumza ndani, wanawake kwa wanawake, wakimjua binti na mama yake, na ikitokea amepata shida walirudi kumwona. Walimkanda mzazi kwa maji ya moto, wakampikia uji, na mume akaambiwa asubiri. Mume kuambiwa asubiri! Bango halimwambii mume neno hilo hata siku moja. Kazi yote limembebesha mwanamke, na tishio juu yake.

Sheria zipo, na vyombo vipo. Dawa ziko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), vipodozi vimekuwa chini ya Shirika la Viwango (TBS) tangu mwaka 2019, na waganga wa asili wana Baraza lao chini ya sheria ya mwaka 2002. Vyombo hivyo nimevisikia vikikamata makopo na kuyateketeza, na navishukuru. Lakini kukamata kopo ni kushughulika na kilichomo ndani. Mimi nazungumzia kilicho nje, ile picha, kwa sababu picha ndiyo inayomvuta mama kabla hajafungua kopo, na kopo moja likiteketezwa picha inabandikwa kwenye jingine.

Kukataza picha si jambo jipya kwa sheria. Mwezi Mei 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha kanuni kuhusu uuzaji wa maziwa mbadala ya watoto. Kampuni zilikuwa zimewauzia kina mama maziwa ya kopo kwa picha za vichanga vinene vinavyocheka, na katika nchi maskini watoto walikufa kwa kuharisha kutokana na maji machafu na maziwa yaliyozimuliwa kupita kiasi. Dunia haikuyapiga marufuku maziwa ya kopo. Wapo watoto wanaoyahitaji. Ilikataza yasitangazwe kwa umma, na picha ya mtoto isikae kwenye kopo. Tanzania ilitunga kanuni zake mwaka 1994. Maana yake nchi hii ilishakubali, zaidi ya miaka 30 iliyopita, kwamba mama anayenyonyesha hapaswi kurubuniwa kwa picha. Kama picha ya kichanga anayecheka inaweza kukatazwa kwa ajili ya mama huyo, sioni ugumu wa kuikataza picha ya mwanamke nusu uchi inayomwambia kwamba ameharibika.

Naiomba Wizara ya Afya iongeze kwenye kanuni zake bidhaa zote zinazouzwa kwa jina la mzazi: dawa za kukaza, dawa za kurudisha shepu, mikanda ya tumbo, krimu. Atakayetaka kuuza mkanda auuze, aonyeshe mkanda. Lakini kanuni za Dodoma zinachukua miaka, na mnada haungoji.

Kwa hiyo nawageukia walio karibu. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inaipa halmashauri ya kijiji mamlaka ya kutunga sheria ndogo. Mnada una ushuru, na anayekusanya ushuru anamjua kila muuzaji. Sharti linaweza kuwa fupi sana: hakuna bango la mwanamke asiye na nguo, hakuna dawa ya uzazi kutangazwa kwa spika, anayekiuka anafunga turubai lake. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii nao wapewe nafasi mnadani hapohapo ya kuzungumza na wazazi na waume zao kuhusu siku 42 za kupona baada ya kujifungua. Nitakuja bila posho nikiitwa.

Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Wenyeviti wa vijiji vya Lusu, nawaomba mliweke jambo hili kwenye ajenda ya mkutano ujao, na kina mama mje wengi mpige kura.