Yakimalizwa nyumbani, nani amelindwa?

Kila tunapofungua simu za wasikilizaji kuhusu ukatili, kuna sentensi inayojirudia. Mpigaji anaeleza jambo lililompata mtoto wa jirani, bibi wa kijijini au binti mwenye ulemavu. Ukimuuliza liliishaje, anajibu: "Walikaa wazee, yakamalizwa nyumbani."

Makala haya yanaeleza maana ya kumlinda mtu asiyeweza kujilinda mwenyewe, mambo yanayokwamisha taarifa kati ya nyumba na mahakama hapa kwetu Kilwa na pwani ya Lindi, na unachopaswa kufanya mtu akikuambia neno zito. Yasome, kisha mtumie mwenzako asiye na bando la kutosha.

Tunamzungumzia nani?

Kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Wanaohitaji ulinzi wa karibu ni wengi zaidi ya watoto. Yumo mzee anayemtegemea mjukuu kumsomea ujumbe wa simu na kumtolea fedha za TASAF. Yumo mtu mwenye ulemavu wa kusikia asiye na wa kumfasiria, mgonjwa wa akili, na mama anayelishwa na mtu yuleyule anayempiga.

Kinachowaunganisha ni kwamba mwingine ana mamlaka juu yao: chakula, fedha, alama za mtihani, dawa, au lifti ya bodaboda kwenda shule. Anayetumia mamlaka hayo vibaya mara nyingi anajulikana. Ni ndugu, jirani, mwalimu, mpangaji au rafiki wa familia, na ndiyo maana kumsema ni kazi ngumu.

Ukubwa wa tatizo unajulikana. Mwaka 2009 Tanzania ilifanya utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, na matokeo yakatolewa mwaka 2011. Karibu wasichana 3 kati ya 10, na karibu mvulana 1 kati ya 7, walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Takriban nusu tu ya wasichana hao walimwambia mtu yeyote. Kwa wavulana ilikuwa kama theluthi moja. Kwa hiyo kesi nyingi zinafia mdomoni, kabla hata wazee hawajakaa.

Misimu yetu na mianya yake

Kila eneo lina nyakati zake za hatari. Kwetu, ya kwanza ni msimu wa shamba. Wazazi wanahamia kwenye mashamba ya ufuta au korosho kwa wiki kadhaa, na watoto wanabaki kijijini na bibi, au wenyewe. Ya pili ni dago. Wavuvi wanapiga kambi visiwani na ufukweni, na vijana wadogo wanaenda nao kupika na kuchota maji, wakilala na watu wazima wasiowajua. Ya tatu ni mageto, yaani vyumba ambavyo wanafunzi wa sekondari wanaotoka vijiji vya mbali wanapanga karibu na shule, bila mtu mzima wa kuwaangalia.

Kuna pia jando na unyago. Mila hizi zina heshima yake, na makungwi na mangariba wengi wanawapenda watoto wetu. Swali la ulinzi ni la umri na la ujumbe. Binti wa miaka 10 akitoka mkoleni akiwa ameambiwa kwamba sasa ni mtu mzima, mwanamume wa miaka 30 anayemsubiri njiani ameshapata kisingizio. Kungwi anaweza kuwa mlinzi wa kwanza: akimfundisha binti kusema hapana na kumtajia mtu wa kumkimbilia, ameongeza ngao kwenye mila ileile.

Kesi inakwama wapi

Tuseme mtoto amesema, na mama ameamini. Ukoo unakaa. Mtuhumiwa ni mjomba, au ndiye mwenye mashua inayolisha kaya tatu. Inatajwa fedha, mbuzi au ndoa. Mtoto haulizwi. Wote wanaondoka na kitu, isipokuwa yeye anayebaki kuishi nyumba moja au njia moja na aliyemuumiza.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Ubakaji na ulawiti ni makosa ya jinai. Anayeshtaki ni Jamhuri, baba wa mtoto hashtaki. Kwa hiyo baba hana mamlaka ya kusamehe, na mwenyekiti wa kitongoji hana mamlaka ya kusuluhisha. Tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, mtu mzima anayepatikana na hatia ya kubaka anafungwa miaka isiyopungua 30, na akimbaka mtoto wa chini ya miaka 10 ni kifungo cha maisha. Shauri lenye adhabu ya namna hiyo halimalizwi kwa mbuzi.

Kisingizio cha pili ni ndoa: "Atamuoa, aibu itaondoka." Mlango huu uliachwa wazi na sheria zetu wenyewe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, vifungu vya 13 na 17, iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, na hata miaka 14 kwa kibali cha mahakama. Mwanaharakati Rebeca Gyumi alivipinga vifungu hivyo. Julai 2016 Mahakama Kuu ilisema vinakwenda kinyume na Katiba. Serikali ilikata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaunga mkono uamuzi huo. Kwa mwanafunzi, mlango ulifungwa mapema zaidi. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yanatoa kifungo cha miaka 30 kwa anayemuoa au kumpa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari. Na ndoa inayofungwa baada ya tendo haifuti kosa lililokwisha kutendeka.

Kisingizio cha tatu ni "hakuna shahidi". Makosa haya hufanyika faraghani, na sheria inalijua hilo. Sheria ya Ushahidi inairuhusu mahakama kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto aliyetendewa peke yake, mradi mahakama iridhike kwamba anasema kweli na iandike sababu za kumwamini. Mtoto mdogo halazimiki kula kiapo. Anaahidi kusema ukweli. Kwa hiyo neno la mtoto lina uzito, na kazi yetu ni kulifikisha likiwa halijaharibiwa.

Kisingizio cha nne ni cha kweli, na lazima tukiseme: umbali. Kutoka Kipatimu, Njinjo au kisiwa cha Songo Songo hadi makao makuu ya wilaya, Kilwa Masoko, ni nauli, na pengine ni bahari. Shahidi anaitwa zaidi ya mara moja. Mvua ikiwa kubwa, mambo yanasimama kabisa. Wote tunakumbuka Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, barabara ilipokatika upande wa Somanga. Mzazi anayekata tamaa njiani si lazima awe amehongwa. Pengine ameishiwa nauli. Kijiji kinachochangia msiba kinaweza pia kuchangia nauli ya mama na mtoto wake kwenda kutoa ushahidi.

Mtu akikuambia, fanya hivi

Kwanza, sikiliza. Kaeni pahali tulivu, umwache aseme kwa maneno yake. Mwambie: "Nimekuamini. Umefanya vizuri kuniambia. Kosa si lako." Usimuulize kwa nini alikwenda kule au kwa nini hakupiga kelele. Usimrudishe nyuma mara kumi, wala usimtafutie majibu. Maswali ya upelelezi yana wenyewe.

Pili, usiahidi siri. Mtoto akisema, "Nikikwambia usimwambie mtu," mjibu kwamba utawaambia wale tu wanaoweza kumsaidia. Ukiahidi siri kisha ukaivunja, hatamwamini mtu mzima mwingine.

Tatu, wahi kituo cha afya. Kwa aliyebakwa au kulawitiwa, saa zinahesabika. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kadiri zinavyoanza mapema ndivyo zinavyofanya kazi vizuri zaidi. Dawa za kuzuia mimba ya dharura zina nafasi hadi siku 5, nazo hazipendi kusubiri. Kikao cha ukoo cha siku nne kinaweza kumgharimu mtoto maisha yake yote.

Nne, tunza ushahidi. Asioge wala asifue nguo kabla ya kupimwa, hata kama anajisikia vibaya. Nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi au zifungwe kwenye khanga safi. Usitumie mfuko wa nailoni, kwa sababu unyevu unaoza humo. Andika tarehe, saa na maneno aliyosema kama alivyoyasema.

Tano, toa taarifa. Sheria ya Mtoto inampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa anapojua haki za mtoto zinavunjwa. Huhitaji kuwa na uhakika wa asilimia mia. Unahitaji sababu ya kuwa na wasiwasi. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au kwa afisa ustawi wa jamii, au kwa mtendaji wa kijiji au kata. Polisi watatoa fomu ya PF3, na fomu hiyo haiuzwi. Kama mgonjwa anavuja damu au hali yake ni mbaya, mpeleke kwanza akatibiwe. Fomu itafuata.

Sita, funga mdomo panapostahili. Usimfuate mtuhumiwa kumgombeza: atakimbia, au atamtisha mtoto. Usiwakutanishe uso kwa uso kwenye kikao. Na usitume picha wala jina la mtoto kwenye kundi la WhatsApp, hata kwa nia ya kumhurumia. Picha hiyo atakutana nayo akiwa na miaka 25.

Dalili kwa wasiosema

Wapo wasioweza kusema. Mtoto aliyekuwa mchangamfu anaanza kukojoa kitandani, anakataa kwenda nyumba fulani, au ana simu na fedha zisizojulikana zimetoka wapi. Mzee anakonda ilhali fedha zake zinatolewa kila mara. Mtu mwenye ulemavu anafungiwa ndani wageni wakija, au anashtuka mtu fulani akiingia. Dalili moja haitoshi kumhukumu mtu. Inatosha kukufanya uulize, na uulize tena.

Wavulana tusiwasahau. Aliyeumizwa dago au chuoni anaogopa kuchekwa, na methali ya mficha maradhi inamhusu yeye kama inavyomhusu dada yake.

Taasisi nazo zijibu

Shule, madrasa, kanisa, timu ya mpira, mradi wa wafadhili: kila mahali panapokusanya watoto au watu wenye shida panatakiwa kuwa na kanuni zinazojulikana. Mtu mzima asijifungie na mtoto mmoja chumbani. Mtoto asitumwe peke yake nyumbani kwa mwalimu. Awepo mtu wa kupokea malalamiko, tena asiye bosi pekee. Mwaka 2018 dunia iliona jambo hili pale shirika kubwa la Oxfam lilipokumbwa na kashfa kuhusu mienendo ya baadhi ya wafanyakazi wake nchini Haiti, baada ya tetemeko la mwaka 2010. Tangu hapo mashirika mengi yameimarisha kanuni za wafanyakazi wao. Nawe una haki ya kuuliza: mradi huu ukija kijijini kwetu, nikiwa na malalamiko dhidi ya mtu wenu nimpigie nani? Msaada hauna malipo, na anayeomba mwili ili akuandike kwenye orodha ni mhalifu.

Swali la kupeleka mkutanoni

Serikali ina Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili dhidi ya Wanawake na Watoto, maarufu kama MTAKUWWA. Awamu ya kwanza ilianza 2017/18, na ya pili inaanzia 2024/25 hadi 2028/29. Mpango huu unataka kuwepo kwa Kamati za Ulinzi wa Wanawake na Watoto, kuanzia ngazi ya juu hadi kijijini. Kwenye karatasi, ulinzi umefika mlangoni kwako.

Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Ukikaa mkutano ujao, simama uulize maswali matatu. Kamati yetu ina nani na nani? Imekaa lini mara ya mwisho? Taarifa ilizopokea zilifika wapi? Usitaje jina la mtoto yeyote. Uliza idadi na hatua zilizochukuliwa. Kamati inayojua itaulizwa, itakaa.

Na binti aliyepata ujauzito au kuzaa akiwa shuleni, asihesabiwe kuwa amekwisha. Tangu Novemba 2021 serikali iliruhusu warudi kwenye mfumo rasmi wa shule. Kumlinda ni pamoja na kumrudisha darasani.

Namba za kuhifadhi kwenye simu yako leo: 116, huduma ya simu kwa mtoto, haina malipo, 112, polisi wakati wa dharura. Ongeza namba ya mtendaji wako wa kijiji na ya afisa ustawi wa jamii wa kata au wilaya. Mfundishe mtoto namba 116 kama unavyomfundisha jina la kijiji chake.