Mtoto akimpaka mbuzi bluu, mwache

Mtoto wa miaka sita amekaa sakafuni, amechora mbuzi nyuma ya karatasi ya kalenda ya mwaka jana. Mbuzi ana miguu mitano, maana wa kwanza ulitoka mfupi, akaongeza mwingine. Anachukua penseli ya bluu na kuanza kupaka. Baba, ambaye alikuwa kwenye simu, anainua macho: “Mbuzi wa bluu umemwona wapi wewe?” Hasemi kwa ubaya, tena anacheka. Mtoto anaiweka ile penseli chini na kuchukua ya kahawia.

Tangu siku hiyo, kabla hajapaka chochote, huuliza kwanza: “Baba, hapa niweke rangi gani?”

Wazazi wengi husikia swali hilo wakafurahi, wakidhani mtoto amekuwa msikivu. Kumbe ameacha kuamua mwenyewe, na mchoro ulikuwa mahali pachache nyumbani ambapo uamuzi ni wake. Chakula huamuliwa na mama, nguo na mama, saa ya kulala na baba.

Viktor Lowenfeld, mwalimu wa sanaa mzaliwa wa Austria aliyefundisha Marekani, alilieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1947, Creative and Mental Growth. Kwa maelezo yake, mtoto wa kati ya miaka minne na saba huchagua rangi kwa jinsi anavyojisikia, si kwa kufuata kitu kilivyo. Akikaribia miaka saba huanza mwenyewe kupaka majani kijani na mbingu bluu, bila kusukumwa. Lowenfeld hakuvipenda pia vitabu vya kupaka rangi vyenye picha zilizokwisha kuchorwa, kwa sababu mtoto aliyezoea mbwa wa kitabuni huanza kuona mbwa wake mwenyewe hafai. Hapo huenda alikaza kidogo. Kitabu hicho humfaa mama siku ya safari ndefu ya basi. Ila kisichukue nafasi ya karatasi tupu.

Vifaa havihitaji fedha nyingi. Penseli za rangi tatu, yaani nyekundu, njano na bluu, pamoja na nyeusi, zinatosha kuanzia. Mtoto apake njano taratibu, kisha bluu juu yake, na kijani kitajitokeza mbele ya macho yake. Nyekundu juu ya njano hutoa rangi ya chungwa. Mwenye boksi la rangi 24 huokota tu kijani kilicho tayari, na furaha hiyo humpita.

Kuna mambo madogo yanayoharibu kazi na kumkatisha mtoto tamaa. Mistari ya penseli ya kawaida huacha unga mweusi, na kreyoni ikipita juu yake huubeba, njano yote ikawa chafu. Dawa yake ni kupitisha bolpeni juu ya mchoro, kufuta penseli kwa ufutio, ndipo rangi ianze. Wino wa bolpeni kwa kawaida hautiririki ukiguswa na maji, lakini wa kalamu nyingi za rangi hutiririka. Rangi nyepesi zitangulie na nzito zifuate, kwani njano haiwezi kufunika nyeusi. Karatasi ya daftari hujikunja ikilowa, hivyo kwa rangi ya maji tafuta manila au upande wa ndani wa boksi la viatu. Mtoto akitaka mvua, achore michirizi kwa mshumaa mweupe kisha apitishe rangi ya maji juu yake. Nta hukataa maji, na mvua huonekana yenyewe.

Jikoni nako kuna rangi. Bizari ya manjano ikikorogwa kwa maji kidogo hutoa njano kali, na chai ya rangi iliyokolea hutoa kahawia. Tia chembe za magadi kwenye ile manjano na itageuka kuwa nyekundu ya udongo. Kazi hiyo ya magadi aifanye mkubwa. Rangi ya nyumba, ya kutilia nguo au ya ukili isiguswe kabisa, kwa kuwa watoto hulamba vidole.

Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam miaka ya 1960, hakupita chuo cha sanaa. Alitumia vipande vya ubao laini na rangi ya kupaka baiskeli, rangi ambayo hapa nyumbani haifai kupewa mtoto. Alikufa mwaka 1972, lakini wanyama wa michoro ya mtindo wake, wenye rangi ambazo hakuna mbuga iliyo nazo, bado wananunuliwa na wageni wanaojua vizuri chui ana rangi gani.

Upande wa pili wapo wazazi wanaoshtuka mtoto akipaka kila kitu cheusi. Mara nyingi nyeusi ndiyo penseli pekee iliyochongwa. Uliza kabla ya kuhukumu, na usiulize “hiki ni nini?”, swali linalomwambia kuwa mchoro haueleweki. Sema tu, “Hebu nisimulie.”

Baba yule alifanya hivyo wiki iliyofuata. Aliitoa kalenda chini ya kochi, akaketi sakafuni na kuuliza habari za mbuzi mwenye bluu nusu na kahawia nusu.

“Ni yule wa bibi aliyepotea,” mtoto akasema. “Hapa alikuwa hajarudi, na ilikuwa usiku.”

Baba akaitafuta penseli ya bluu, akaichonga, akampa.