Mtunza Ghala si Mwenye Ghala

Mwezi huu twajibu barua ya mwalimu mmoja wa Turiani. Kijana wake ameajiriwa na shirika la misaada la Kanisa Katoliki. Mvua zilipobomoa nyumba za watu, alitumwa kuandika majina ya watakaopewa mabati na mahindi. Akamwandika mjane Mwislamu ambaye nyumba yake ilianguka. Mjomba wake mwenyewe, ambaye paa lake lilikuwa zima, hakumwandika. Sasa mjomba haitikii salamu yake, na baadhi ya Wakristo wananung'unika: sadaka ya Kanisa yawaendeaje wasio wetu? Mwalimu auliza kama mwanawe amekosa.

Barua hiyo tuliisoma mara mbili, maana sisi wa nchi hii twajua uzito wa mjomba. Kwa Wanguu na Waluguru, ambao ukoo wao hufuata upande wa mama, kumnyima mjomba si jambo dogo kama wageni wadhanivyo. Hata hivyo twasema kijana hakukosa.

Kwanza tujue mali ile ni ya nani. Caritas ya kwanza ilianzishwa na Padre Lorenz Werthmann huko Köln, Ujerumani, mwaka 1897; umoja wake wa mataifa ukaanza mwaka 1951. Maaskofu wa Marekani walianzisha shirika lao, CRS, mwaka 1943, wakati wa vita, wapate kuwasaidia wakimbizi. Fedha za mashirika haya nyingine hutoka katika michango ya waumini, nyingine kwa serikali. Mtoaji hamjui mpokeaji, wala mpokeaji hamjui mtoaji. Aliye katikati yao ni karani na daftari lake. Akiandika jina la uongo amewadanganya wote wawili.

Tena sheria ya kazi ipo. Mwaka 1994 Caritas na CRS, pamoja na Msalaba Mwekundu na wengineo, walitoa kanuni kwamba msaada hupimwa kwa shida ya mtu, pasipo kutazama kabila, dini wala taifa, na kwamba usitumiwe kuendeleza dini fulani. Mwaka huohuo, mwishoni mwa Aprili, watu wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi. Je, nani angesimama pale darajani kudai vyeti vya ubatizo? Naye Papa Benedikto wa 16, katika barua yake ya mwaka 2005, alifundisha kwamba upendo hautolewi ili kupata kitu kingine.

Wanaonung'unika waitazame Mhonda, misheni iliyo jirani yao. Mapadre wa Roho Mtakatifu waliianza mwaka 1877, wakija kutoka Bagamoyo pamoja na Wakristo waliokombolewa utumwani. Kazi ile ya Bagamoyo ilisaidiwa na chama cha Utoto Mtakatifu, kilichoanzishwa Ufaransa mwaka 1843, ambacho watoto wa huko walikitolea senti zao. Watoto wale hawakuwa na ndugu hata mmoja Bagamoyo.

Lakini kijana naye tuna neno kwake. Orodha yafaa isomwe kwa sauti mbele ya kijiji kizima, kila mtu apate kusema: huyu amesahauliwa, yule hana shida. Na penye jina la ndugu yake, aseme mapema, mwenzake aende kuikagua nyumba hiyo badala yake. Kama alikata shauri peke yake, hapo manung'uniko yana sababu. Tena akumbuke kwamba kazi za namna hii huwa na muda: fedha ya mradi huisha, gari huondoka. Asiuache mpunga wa baba yake uote magugu.

Kwa mjomba asiende peke yake. Aende na mama yake, wakae, amwonyeshe daftari; na akiwa na kitu katika mshahara wake, ampe hicho, kwa kuwa hicho ni chake.

Mwalimu aliuliza pia habari za jogoo ambaye mjane yule alimletea kijana kwa shukrani. Arudishwe, tena mchana, watu wakiona. Na kijana amweleze mama yule kwa upole, asije akadhani amedharauliwa.