Kujaribu Gari Si Kulinunua

Wauzaji wa magari mapya siku hizi hualika watu uwanjani, wakawapa funguo za gari hili na lile, wazunguke lami laini dakika chache. Kijana hushuka jasho limemkauka kwa kiyoyozi; karatasi ziko tayari mezani. Ngoja, ndugu yangu! Sharia yetu yawapa mnunuzi na muuzaji hiari mpaka waachane. Itumie. Omba ulipitishe barabara ya mashimo, mama yako akiwa kiti cha nyuma. Uliza bei ya vipuri. Kisha uliza: mkopo una riba? Tangu 2008 Kenya ina benki za Kiislamu zinunuazo gari, kisha zikakuuzia kwa faida ijulikanayo. Harufu ya upya huisha; deni humfuata mtu kaburini.