Parklands au Madaraka?

Mdogo wangu wa Kimuka, usichague chuo cha sheria kwa ukubwa wa jina. Kitivo cha Sheria cha Chuo Kikuu cha Nairobi, Parklands, kilianza 1970 na kimelea majaji wengi. Chuo Kikuu cha Strathmore, pale Madaraka, kilianza kufundisha sheria 2012, na karo yake ni nzito zaidi. Ukihitimu kokote, safari ya kuwa wakili ni ileile: Kenya School of Law, Karen, na mitihani ya Baraza la Elimu ya Sheria. Huko nako kuna ada, na wazazi wengi husahau kuiwekea akiba! Usisahau kodi ya chumba pia. Kutoka Kimuka hadi Parklands kila asubuhi kutakumaliza. Ikiwa Strathmore itawalazimu nyumbani kuuza ng'ombe wote, nenda Parklands.