Hospitali Upanga, Wagonjwa Mbagala

Kila tukikutana huku ughaibuni kuchangia nyumbani, hakosi mtu wa kusema kwamba Dar es Salaam haina shida ya hospitali. Kweli, kwa anayekaa Upanga. Muhimbili iko pale, taasisi za mifupa na moyo zimo uani humo humo, Regency na Aga Khan hazipo mbali. Ocean Road waliijenga Wajerumani miaka ya 1890 kwa ajili ya Wazungu, ufukweni, penye upepo mzuri. Upepo ule hauvumi Mbagala.

Mji umekwishahama. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728, na wanaotafuta kiwanja cha bei nafuu wanasogea Chanika, Kivule, Kigamboni. Majengo mapya ya wilaya yapo, hatukatai. Lakini kijana wa bodaboda aliyepasuka kichwa Mbagala bado anapakiwa kwenye gari la kukodi, ndugu wanachanga nauli, dereva anapiga honi Barabara ya Kilwa na foleni haisogei. Damu haingoji foleni.

Tutajibiwa: Mloganzila, iliyofunguliwa 2017! Iko magharibi kabisa, upande wa Kibamba. Mtu wa Kigamboni avuke bahari, aukate mji mzima, ndipo afike.

Basi kwenye mchango ujao sisi hatutoi hata senti kwa mashine nyingine ya Upanga. Tutatoa kwa gari la wagonjwa la Mbagala, na mafuta yake ya mwaka.