Watani wa kriketi, na sisi tuko wapi?

Wadau, Jumapili nilikuwa nyumbani Chwaka. Maji yametoka, watoto wanacheza mpira mchangani, sisi wakubwa tuko barazani na kahawa tunabishana Simba na Yanga. Nikachokoza: watani wa jadi wa kriketi Afrika Mashariki ni nani? Kimya. Halafu mmoja akasema, "Si mchezo wa Wahindi huo?" Nimerudi mjini jibu lile bado linanikera.

Watani wenyewe ni Kenya na Uganda, na wanakutana tangu enzi za Mwingereza. Ajabu ni kwamba waliwahi kuvaa jezi moja, na sisi tukiwemo. Mwaka 1975 timu ya Afrika Mashariki, yenye wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, ilikwenda Uingereza kwenye Kombe la Dunia la kwanza. Ikapigwa mechi zote tatu: na New Zealand kwa mikimbio 181, na India kwa wiketi 10, na wenyeji kwa mikimbio 196. Mwaka 1981 Kenya ikaamua kusimama peke yake.

Ikasimama kweli. Mwaka 1996, kule Pune, iliwatoa West Indies kwa mikimbio 93 tu. Mwaka 2003 ikafika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Nani angemtaja Mganda siku zile?

Lakini mwaka 2004 Maurice Odumbe, mchezaji bora wa mechi ile ya Pune, alifungiwa miaka mitano kwa kushirikiana na wacheza kamari. Viongozi wakawa wanagombana, wachezaji wakagoma, na mchezo ukabaki kutegemea klabu chache za Nairobi. Kombe la Dunia la 2011 ndilo lao la mwisho hadi leo.

Waganda hawakukaa kucheka. Walikuwa na kriketi katika skuli kama Busoga College Mwiri na King's College Budo, wakaishikilia. Mwaka 2016 wakamchukua Steve Tikolo, mpigaji mkubwa kuliko wote wa Kenya, awe kocha wao. Yaani walimwendea mtani nyumbani kwake wakachukua alichonacho! Novemba 2023, kule Windhoek, wakaifunga Zimbabwe, wakaifunga na Kenya, wakafuzu Kombe la Dunia la ova 20 la 2024. Huko wakaifunga Papua New Guinea. Frank Nsubuga, mwenye miaka 43, alirusha ova nne akatoa mikimbio minne tu na kuchukua wiketi mbili. Bwana huyu mwaka 1997 alichezea timu ya pamoja ya Afrika Mashariki na Kati. Kweli, siku chache baadaye West Indies waliwatoa Waganda kwa 39. Lakini walikuwepo, Kenya ilikuwa nyumbani ikitazama.

Kwa maoni yangu, mtani ni mwalimu. Ukimshinda leo, kesho anakuja na dawa yako. Kenya ilidhani haina tena mtani Afrika Mashariki, ikalala.

Na sisi? Vijana wa Tanzania wa chini ya miaka 19 walifuzu Kombe la Dunia la 2026, hongera zao. Ila Unguja, ambako kriketi ilichezwa Mnazi Mmoja kabla babu zetu hawajaoa, leo kijana wa Chwaka anaiona ya watu wengine. Tunalalamika, na haki yetu, kwamba CAF ilitupa uanachama Machi 2017 ikatunyang'anya Julai. Lakini kuwa na mtani hakuhitaji barua ya CAF wala ya nani. Skuli moja ya shamba, moja ya mjini, gongo, mpira, na tarehe isiyobadilika kila mwaka. Atakayefungwa atarudi mwakani na hasira zake, na mchezo utakuwa umeanza.

Mchanga tunao, maji yakitoka. Naomba kutoa hoja.